Kiki Ndiyo Ilimstaafisha Guka, Si Uzee

Wasee, nyuma ya nyumba yetu hapa Membley kuna nduthi imelala chini ya turubai. Ni ya guka, ya Kijapani, tu-stroku ya miaka ya 70. Injini iko fiti. Watu husema guka aliacha kuiendesha juu amezeeka. Uongo! Macho anayo, mikono haitetemeki. Goti la kulia ndilo lilikataa kupiga kiki. (Hapana, si ile kiki ya mitandao.)

Nilipoanza kuulizia kuiwekea stata, nikajua hii vita imepita miaka 100. Magari ya kwanza yaliwashwa kwa kuzungusha mpini wa chuma pale mbele, na injini ikirusha nyuma, ingeweza kukuvunja mkono. Wazo la kutumia mota ya umeme lilikuwepo, lakini kila mtu aliona mota na betri zingekuwa kubwa mno. Charles Kettering, msee wa Dayton, Ohio, alikuwa ametengeneza mashine ya pesa ya dukani inayotumia umeme. Mota ya kufungua droo haichapi kazi siku nzima. Inasukuma mara moja, inapumzika. Kwa hivyo mota ndogo unaweza kuibebesha mzigo mkubwa kwa sekunde chache na isiungue. Alionyesha stata yake 1911, na Cadillac za 1912 zikatoka nayo. Si lazima tena uwe na misuli ndio uwashe gari.

Vyombo vidogo vilisahauliwa. Ski-Doo, vile vigari vya kuteleza kwenye theluji vilivyoanza kuuzwa Kanada 1959, viliwashwa kwa kuvuta kamba kama jenereta ya kinyozi. Honda CB750 ya 1969 ilikuja na kitufe cha stata, lakini kiki haikuondolewa. Kwetu, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, nduthi zilijaa kila stage. Siku hizi mtu akibonyeza kitufe hata hafikirii goti la nani limepona.

Sasa, kuongeza stata kwa mashine ya zamani si kufunga mota tu. Ile ya guka inatoa volti 6 za kuwasha taa. Unahitaji mfumo wa volti 12, betri ya kusukuma umeme mwingi kwa ghafla, njia ya kuichaji, gia ya kushika shafti ya injini, na klachi ya upande mmoja ili injini ikiwaka isizungushe stata hadi ipasuke. Kwa kesi ya injini hakuna nafasi ya hivyo vitu, lazima uchonge.

Fundi alinishauri nitoe injini yote niweke ya Kichina yenye stata. Ni rahisi, nakubali. Lakini manze, hapo hujamrudishia guka nduthi yake, umemnunulia nyingine ukaipaka rangi ya ile. Tunachonga.

Nilipomwambia guka, aliuliza swali moja.

"Na betri ikiisha?"

"Kiki tunaiacha hapo hapo, guka. Kama Honda ya 1969."

"Sawa. Basi siku hiyo utakuja kunipigia wewe."