Visima Katika Jiwe Jeupe

Msomaji, ukivuka daraja la mto Tana hapo Garissa na kushika njia ya kaskazini, usitazamie kuona vilima vya mchanga kama vile vya Sahara. Nchi ni tambarare, udongo wake mwekundu, na miti yake ni ya miiba. Utakwenda hivyo zaidi ya kilomita 300, hata macho yachoke. Ndipo ardhi itakapogeuka kuwa nyeupe, nawe utajua kwamba Wajir imekaribia.

Shuka garini utembee kwa miguu. Weupe huo ni wa mawe ya chokaa, na ndani yake vimechimbwa visima vingi. Ni nani aliyevichimba? Wazee husimulia habari za watu wa kale walioitwa Madanle, warefu na wenye nguvu nyingi, ambao walitoweka zamani sana. Mimi siamini kwamba walikuwa majitu. Lakini simcheki anayeamini, kwa maana kulikata jiwe lile kwa mkono si mchezo. Baadaye Waborana walinywesha ng'ombe wao hapo, kisha Wasomali wakaja na ngamia. Mwaka 1912 Waingereza nao wakajenga boma papo hapo. Walijua walifanyalo: katika nchi isiyo na mto, mwenye kisima ndiye mwenye nchi.

Basi wakaifunga. Kwa sheria ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za mbali, hapana mgeni aliyeweza kuingia pasipo kibali. Na sheria ya mwaka 1934 ikawapa maofisa uwezo wa kuamua kila kabila lichunge wapi. Hata Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, hali ya hatari ilitangazwa huko mwezi ule ule, ikadumu hata mwaka 1991. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi vilivyozaliwa katika muda huo.

Mbele ya Wajir uko mji wa El Wak, ambao maana ya jina lake ni visima vya Mungu. Mwaka 1925 Uingereza iliwapa Waitalia nchi ya Jubaland, na mpaka ukapita karibu na visima hivyo, kana kwamba ngamia husoma ramani. Tarehe 16 Desemba 1940 majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, yaliwashambulia Waitalia mahali hapo.

Endelea hata Mandera, nawe upande vilima vyake asubuhi, kabla jua halijawa kali. Katika mawe yake utaona maumbo yaliyojikunja kama pembe za kondoo dume. Hayo ni makombe ya viumbe wa bahari, jamaa za pweza na ngisi, waliokufa zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Maana nchi hii yenye kiu ilikuwa chini ya maji ya chumvi.

Nilikuwa nimeinama nikitazama kombe moja, mchungaji mzee akanikaribia na mbuzi wake. Tukasalimiana. Akatazama viatu vyangu, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, umetoka Kenya lini?"

Nikamjibu kwamba nilitoka siku tatu zilizopita.