Msikiti Uliorithi Kuta za Wengine

Mwislamu apitaye mashariki ya London, katika njia iitwayo Brick Lane, huweza kuswali katika Msikiti wa Jamme asijue kwamba kuta zile hazikujengwa na Waislamu. Walizijenga Waprotestanti wa Kifaransa mwaka 1743, ziwe kanisa lao. Wazee wao waliihama Ufaransa kwa kuwa mfalme Louis XIV, mwaka 1685, aliifuta amri iliyowapa ruhusa ya kuabudu watakavyo. Walikuja na ufundi wa kufuma hariri, na mtaa wa Spitalfields ukajaa vitanda vya mfumi. Juu ya ukuta waliweka saa ya kivuli, nayo ingalipo; wenye msikiti hawakuiondoa. (Sisi tuliofundishwa chuoni kuijua adhuhuri kwa kivuli hatuoni ajabu.)

Wajukuu wao wakachanganyika na wenyeji, na mwaka 1819 jengo likawa la Wamethodisti. Kisha, tokea 1881, Mayahudi wakaikimbia Urusi kwa kushambuliwa na kuporwa. Hao walikuwa washonaji. Mwaka 1898 jengo likawa sinagogi. Watoto wao walipopata uwezo wakahamia mitaa mingine, na waabuduo wakapungua.

Ndipo mwaka 1976 jengo likawa msikiti wa Wabangali, wengi wao watu wa Sylhet. Waliotangulia miongoni mwao walikuwa mabaharia, wakichochea makaa katika meli za Waingereza, kazi ambayo baadhi ya watu wa pwani yetu waliifanya vilevile. Nao pia wakashika cherehani, katika mtaa ule ule wa wafumaji na washonaji.

Basi mtaa haukurithiwa kwa upanga. Kila kaumu iliingia kwa mlango wa kazi, na kila moja ilichukiwa ilipokuwa ngeni. Mwaka 1905 ilitungwa sheria ya kuzuia wahamiaji, na Mayahudi ndio waliokusudiwa zaidi. Yule anayesema kwamba mgeni huharibu mtaa, na aeleze Spitalfields ingekuwa na nini pasi na wageni.

Chuki hiyo iliwafikia Wabangali kwa kisu. Tarehe 4 Mei 1978, Altab Ali, kijana mshona nguo, aliuawa njiani akirudi kutoka kazini. Siku kumi baadaye watu wapatao 7,000 walilifuata jeneza lake kwa miguu hadi katikati ya jiji. Mwaka 1998 bustani iliyo karibu na alipouawa ikapewa jina lake.