Moto Hupanda, Maji Hushuka

Mtoto wa milima ya Uluguru hasubiri mwalimu amwambie kwamba moto hupanda na maji hushuka. Maji yanatoka kwetu Matombo, yanaingia Ruvu, na Ruvu inayafikisha Dar es Salaam. Moto safari yake ni ya kinyume. Unaanzia bondeni, kwenye shamba la mtu mmoja, na ukishapata upepo wa Septemba unapanda mteremko hadi mpaka wa msitu, mwenye shamba akiwa bado anatafuta tawi la kuuzimia.

Nilizaliwa 1947. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, ukoo ambao kwetu huitwa lukolo. Kwa hiyo aliyekuwa na kauli juu ya shamba letu hakuwa baba bali mjomba mkubwa, aliyekuwa mndewa, yaani kiongozi wa ukoo. Hakuna aliyechoma shamba kabla mjomba hajafika kuliona. Alikuja alasiri, upepo ukiwa umetulia, akachota vumbi kwa vidole viwili na kuliachia litue. Kisha aliupima kwa miguu mkuza, ile njia iliyosafishwa kuzunguka shamba ili moto usivuke. Ulitakiwa uwe na upana wa hatua nne, umefyekwa na kufagiliwa hadi udongo uonekane. Ukipungua hata hatua moja, aligeuka akaenda zake, na siku hiyo hapakuwa na moto.

Ukimridhisha, aliuliza maswali mawili tu: "Nani yuko juu? Nani yuko mtoni?" Vijana walisimama juu ya shamba na matawi mabichi mikononi, akina mama wakapanga vyungu vya maji pembeni. Moto uliwashwa kuanzia juu ili ushuke wenyewe. Moto unaoshuka husuasua, kama mtu ateremkaye mlima na mkungu wa ndizi kichwani, na mtu mzima anaweza kwenda nao sambamba. Unaopanda hauna mwenzake wa kwenda naye.

Yowe la moto likipigwa, kila mwenye nguvu alitoka. Asiyetoka alitozwa kuku, lakini kuku hakuwa adhabu yenyewe. Adhabu ilikuja siku amefiwa, pale watu walipochelewa kwenda kuchimba kaburi. Hilo ndilo jeshi la zimamoto nililolikuta duniani.

Serikali iliingia katika habari za moto wetu kwa kupitia msitu. Mwaka 1909 Wajerumani waliitangaza misitu ya Uluguru kuwa hifadhi, mpaka ukapita juu ya mashamba. Waingereza nao waliweka utawala wa wenyeji chini ya Sultani wa Waluguru, na wandewa wakavutwa ndani yake. Hapo mjomba akawa na wakubwa wawili: ukoo uliomweka, na boma lililomwagiza.

Wakubwa hao waligongana katika mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru ulioanza mwaka 1950. Wataalamu walikuwa na hoja ya kweli: udongo ulikuwa unateremka mtoni. Dawa yao ilikuwa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi na kuwakataza kuchoma mashamba. Matuta yalikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na kwenye miteremko mingi yalifukua udongo usio na rutuba na kuifukia ile ngozi nyembamba ya juu inayolisha mpunga. Mjomba, aliyezoea kutoa ruhusa ya moto, sasa alitakiwa kupeleka majina ya waliouwasha. Watu waliacha kumwita aje kuona mkuza. Wakawa wanachoma usiku, kila mtu kivyake, bila wa juu wala wa mtoni. Katazo lililokuja kuzuia moto liliuondolea moto msimamizi.

Julai 1955 Matombo ilichafuka. Nilikuwa na miaka 8. Nakumbuka mama akitusukuma ndani na kuufunga mlango kwa mchi. Umati ulikataa matuta, polisi wakaletwa, mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ule haukusimama tena. Miaka mitano baadaye watafiti Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu juu ya siasa za ardhi Uluguru, na toleo la Marekani wakalipa jina ambalo kwa Kiswahili ni Moshi Milimani. Sijui kama walikusudia moshi wa mashamba au wa hasira. Kwetu vilikuwa kitu kimoja.

Baada ya uhuru mamlaka ya machifu yalifutwa na halmashauri za wilaya zikashika kazi. Nazo zikaondolewa 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, kazi zao zikahamia kwa maofisa wa serikali kuu. Mijini matokeo yalionekana haraka. Huduma za kila siku zilidorora, ya zimamoto ikiwemo, hadi mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Vijijini tulisubiri sheria za 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena 1984. Mwaka huohuo niliajiriwa kuwa mtendaji wa kijiji.

Moja ya kazi zangu za mwanzo ilikuwa kuandaa sheria ndogo ya moto. Niliiandika kwa Kiswahili cha ofisini: asichome mtu shamba bila kibali cha uongozi wa kijiji, awaarifu majirani wanaopakana naye, afyeke mkuza usiopungua hatua nne, achome alasiri. Nikaisoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji, chini ya mwembe, kwa sauti ya mtu mwenye mhuri. Nilipomaliza, bibi mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu," akasema, "hayo si maneno ya mjomba wako uliyoyapiga taipu?"

Watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Lakini sheria ilipita, ikaenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ikafika wilayani na kurudi na saini. Na ilishikwa, kwa sababu waliokuwa chini ya mwembe waliitambua kuwa ni yao.

Tuliijaribu sheria hiyo Oktoba ya mwaka mmoja katika miaka ya 1990. Vijana wawili walikuwa wanawinda ndezi, wakawasha nyasi ili kuwatoa. Kufikia magharibi moto ulikuwa umekwisha kuvuka mashamba matatu ya mananasi. Yowe lilipigwa, watu zaidi ya arobaini wakapanda. Hatukuwa na pampu wala mpira wa maji. Tulikata migomba, tukaipasua kwa panga na kuirusha motoni, maana mgomba ni maji yaliyosimama wima. Wengine walifyeka mkuza mpya juu, gizani, wakiongozwa na mwanga wa moto wenyewe. Kulipokucha ulikuwa umefia hapo. Nyumba mbili za nyasi ziliungua, mtu hakuungua. Asubuhi niliandika katika daftari: mapanga matatu yamevunjika, ndara jozi nyingi zimeyeyuka. Nikatafuta fungu la bajeti la kununulia mapanga mengine. Kulikuwa na fungu la shule, la zahanati na la barabara. La moto halikuwepo.

Nilistaafu 2007, mwaka ambao Bunge lilitunga Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kazi ya zimamoto iliyokuwa mikononi mwa halmashauri ikawekwa chini ya jeshi moja, katika Wizara ya Mambo ya Ndani, na namba ya kupiga ni 114. Mwaka uliofuata msitu wetu ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Sina ugomvi na hayo. Jeshi moja lenye mafunzo ni bora kuliko magari ya zimamoto yaliyotelekezwa. Ila gari la zimamoto ni zito, njia zetu ni makona na makorongo, na mashamba mengi hufikiwa kwa miguu tu.

Hata penye lami gari peke yake halitoshi. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota petroli, lori likalipuka, na waliokufa walizidi 100. Siku ile nilimkumbuka mjomba na vumbi lake vidoleni. Moto unataka watu waliokwisha kukubaliana, kabla haujawaka, nani asogee na nani akae mbali.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. Ndugu msomaji wa Matombo, Kinole, Mgeta au Kolero, ule wa kabla ya kiangazi usiuache upite hivihivi. Omba ajenda moja ya moto: nani anatoa kibali, nani anapiga yowe, nani yuko juu, nani yuko mtoni. Kisha mwombe diwani wako apiganie fungu la mapanga na pampu za kubeba mgongoni, hata liwe dogo. Kwa namba ya 114 utaita msaada, lakini mkuza wa hatua nne unafyekwa na wewe.