Kipande Kilichopotea

Leo tutazame kwa nini ukurasa wa intaneti humsahau mtu aliyekwisha kujitambulisha.

Zamani za ukoloni, kibarua wa mkonge huku Tanga alipewa kipande cha siku 30. Kila siku ya kazi ilitiwa alama, naye alikitunza sana, maana ndicho kilichokuwa ushahidi wake.

Seva nayo haina kumbukumbu. Kila ombi hulipokea kama la mgeni. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki, ambayo ni kipande cha namna hiyo. Lugha ya PHP, iliyotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ilipata sesheni katika toleo la 4, mwaka 2000: mgeni hubeba namba, daftari hubaki kwa seva.

Basi, habari zikipotea, tuulize kwa taratibu. Je, kila ukurasa unaozihitaji umeitoa amri ya session_start? Je, maandishi, hata nafasi tupu, yameitangulia amri hiyo? Hapo kipande huenda kisitolewe. Je, zimepita zile dakika 24 za kawaida pasipo kutumiwa?

Tusikimbilie kulaumu mashine. Kwanza tutafute kipande. Kwaherini.