Sam Simon: Jina Lililobaki Kwenye Katuni

Sisi wanafunzi wa fasihi tukipewa matini, swali la kwanza ni lile lile: nani kaandika? Kwa riwaya, jibu liko jaladani. Kwa vichekesho vya televisheni jibu linateleza, na Sam Simon wa Marekani (1955–2015) ni mfano mzuri.

Jamaa huyu alianza kwa kuchora katuni. Kisha akapeleka mswada kwa watengenezaji wa Taxi, na kabla hajatimiza miaka 30 akawa ndiye anayeuongoza mchezo huo. The Simpsons ilipoanza kurushwa kama mchezo kamili mwaka 1989, sifa zilimwendea Matt Groening, aliyewabuni wale wahusika wa manjano. Ni haki yake. Lakini aliyewakusanya waandishi wa kwanza, akakaa nao chumbani kufumua na kushona upya miswada, ni Simon. Wawili hao hawakupatana. Mwaka 1993 Simon akaondoka, ila kwa mkataba wa ajabu: jina lake libaki kama mtayarishaji, na mgawo wake wa mapato uendelee.

Basi, kwa zaidi ya miaka 20 akalipwa mamilioni ya dola kwa vichekesho ambavyo hakuviandika. Mhakiki wa Kimarx atasema hilo ni jasho la wengine, na hoja ina uzito: waliofuata ndio waliokesha. Lakini tazama fedha zilikokwenda. Simon alianzisha taasisi iliyowachukua mbwa waliotelekezwa na kuwafundisha kuwa masikio ya viziwi na wasaidizi wa wanajeshi waliolemaa. (Mbwa! Najua wapo watakaocheka hapa.) Alifadhili pia chakula cha familia maskini za Los Angeles, tena kisicho na nyama hata kidogo.

Hivi hisani inafuta hoja ya jasho? Kwangu haifuti. Uandishi wa Simon nauona katika ile miaka ya chumbani, si katika ukarimu wake. Anayemsifu kwa mbwa huku akikisahau kile chumba hajahakiki kitu.

Mwishoni mwa 2012 madaktari walimkuta na kansa ya utumbo mpana, wakampa miezi 3 hadi 6. Akaishi zaidi ya miaka 2, akigawa mali. Mwaka 2014 fedha zake zilinunua shamba zima la chinchilla huko California, wanyama zaidi ya 400 waliofugwa kwa ajili ya manyoya, likafungwa. Alifariki tarehe 8 Machi 2015. Jina lake halikuondolewa kwenye katuni.