Mchagua Msumeno

Wahenga wametuachia methali isemayo, "Mchagua jembe si mkulima." Maana yake ni dhahiri: mwenye nia ya kazi huishika zana iliyo karibu naye, na yule akaaye kutwa akipima mpini na kugeuzageuza bapa anatafuta kisingizio cha kulikwepa jua. Sina ugomvi na methali hii katika shamba la mahindi. Lakini mwaka jana kaka yangu, ambaye ni mkulima wa miti huko Njombe, aliniletea swali lililonifanya nishuku kama yafaa kuichukua mpaka msituni.

"Mdogo wangu," aliniambia, "wewe umesoma. Nataka msumeno wa mnyororo, wenye nguvu ya kuangusha miti mikubwa, na bei yake isinifilisi. Nichukue upi?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwalimu wa lugha, na chombo hicho, ambacho mafundi wetu wamezoea kukiita chenso, sijapata kukiwasha hata mara moja. Basi nikafanya afanyalo mtu wa vitabu akishindwa: nikaanza kusoma habari za asili yake. Nilidhani nitapata historia tu. Kumbe jibu la kaka yangu lilikuwa humo humo.

Tuanze na miti mikubwa kupita yote. Katika pwani ya magharibi ya Marekani, upande wa California, imo miti ambayo urefu wake hupita futi 300. Wakataji wa karne ya 19 waliiendea kwa shoka. Kuanzia miaka ya 1880 hivi wakaongeza msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja akivuta huku na mwenziwe kule. Kwa kuwa shina huvimba karibu na ardhi, walichonga matundu katika gogo, wakapachika mbao ndani yake, wakasimama juu ya mbao hizo hewani na kufanya kazi yao. Msumeno ule ulikuwa rahisi kwa bei wala haukunywa mafuta. Nguvu yake yote ilitoka katika mabega ya wanadamu. Wenyewe waliubandika jina la mjeledi wa mateso. Hapo twaona tangu mwanzo kuwa bei ya chombo na gharama ya kazi ni vitu viwili mbalimbali.

Fikira ya kuyafunga meno katika mnyororo unaozunguka haikutoka msituni. Yapata mwaka 1830 Bernhard Heine, Mjerumani aliyetengeneza vyombo vya waganga, alibuni kijisumeno cha mnyororo kilichozungushwa kwa mkono kwa ajili ya kukata mifupa ya wagonjwa. Karibu karne nzima ilipita kabla ya wenzake wa nchi ile ile kuipeleka fikira hiyo kwenye miti. Mwaka 1926 Andreas Stihl alitoa msumeno wa umeme wenye uzito wa kilo 64 hivi. Mwaka 1927 Emil Lerp aliujaribu msumeno wa petroli katika mlima uitwao Dolmar, na jina la mlima likawa jina la mashine. Mwaka 1929 Stihl naye akatoa wa petroli.

Mashine hizo hazikukosa nguvu. Zilikosa wepesi. Zilihitaji watu wawili kuzibeba, kama ule msumeno wa kuvutana. Tena kabureta za siku zile zilitaka kukaa wima. Ukiilaza mashine ili ukate shina kwa ubavu, mafuta hayafiki vizuri na injini huzimika. Ndiyo sababu mafundi wengine walilifanya bapa la chuma liongozalo mnyororo liweze kugeuzwa peke yake, ili injini ibaki wima.

Kasoro ya pili ilikuwa katika meno. Minyororo ya kwanza iliiga meno ya msumeno wa mkono: ilikwaruza mti, ikawa butu upesi, na kuinoa kulikula saa nyingi. Katika mwaka 1946 Joseph Cox, mkataji miti wa jimbo la Oregon, aliona katika kisiki buu la mdudu atoboaye miti. Kadudu kale laini kalikuwa kakipita ndani ya mti mgumu bila shida, kulia na kushoto, kwa kufuata nyuzi na kwa kuzikatiza. Cox akayachunguza mataya yake, akatengeneza jino la chuma lililopinda mfano wake, na mwaka 1947 akaanza kuiuza minyororo hiyo. Umbo la jino lile ndilo msingi wa minyororo tuitumiayo hata leo. Injini ile ile iliyokuwa ikihema sasa ilikata kwa raha, pasipo kuongezewa nguvu hata chembe.

Ndipo mambo yakaenda mbio. Madini mepesi yaliyoendelezwa na watengenezaji wa ndege, pamoja na kabureta isiyojali inavyolazwa, viliuleta msumeno katika mikono ya mtu mmoja. Mwaka 1949 kampuni ya McCulloch huko Marekani ilitoa mashine ya ratli 25. Mwaka 1950 Stihl akatoa yake ya mtu mmoja, na mwaka 1959 akatoa nyingine nyepesi zaidi, yenye uzito wa kilo 12 hivi. Mkulima wa kawaida sasa aliweza kununua peke yake kile ambacho zamani kilitaka kikosi na tajiri wake.

Lakini faida hiyo haikuja bure. Katika miaka ya 1960 waganga walianza kuona kwa wingi wakataji ambao vidole vyao vilikuwa vyeupe na vyenye ganzi kila baridi ilipoingia, kwa sababu ya mtetemo wa mashine. Watengenezaji wakalazimika kuweka mipira na springi kati ya injini na vishikio. Tena ncha ya bapa ikigusa mti vibaya, msumeno huruka nyuma kumwelekea fundi usoni. Breki ya mnyororo, iliyoenea tangu miaka ya 1970, iliwekwa ili kuuzuia msiba huo. Na yule mwenzi wa zamani, aliyekuwa akitazama juu na kupiga kelele tawi likivunjika, hayupo tena.

Basi nilimwandikia kaka yangu hivi. Kwanza, pima miti yako kabla ya kupima mashine. Kwa miti minene kweli, tafuta injini ya sentimita za ujazo 60 hadi 70 au zaidi. Lakini usinunue bapa refu kuliko injini iwezavyo kulivuta, maana mti unaokaribia mara mbili ya urefu wa bapa hukatika ukizungukwa pande zote. Pili, nguvu imo katika jino: mashine ya wastani yenye mnyororo ulionolewa huishinda kubwa yenye mnyororo butu, kwa hiyo nunua tupa na ujifunze kuitumia. Tatu, uliza kama vipuri vyapatikana Njombe, kwa kuwa mashine rahisi isiyo na vipuri ni chuma chakavu kinachongoja siku yake. Nne, pasipo breki wala kinga ya mtetemo, iache dukani hata ukipewa nusu bei. Kisha weka akiba ya kofia ngumu, na usiende msituni peke yako.

Alinunua ya wastani, na mwanawe humfuata kila mara akiwa jicho lake la pili. Methali ya wahenga ingali ya kweli, ila nadhani waliisema wakimfikiria mtu mwenye jembe, ambalo likimkosea humkwaruza mguu. Mwenye msumeno wa mnyororo, asipochagua yeye, huchaguliwa na chombo.