Maji ya Kampala na Shirika Lililozaliwa Mwaka 1972

Tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa ukombozi wa Uganda walipoutwaa mji wa Kampala, swali la nani atawale mji ule lilikuwa limekwisha kujibiwa kwa silaha. Lilibaki swali jingine, ambalo askari yeyote aliyepata kukaa katika mji uliotoka vitani analijua vema: maji yanatoka wapi, na ni nani mwenye wajibu wa kuyaleta?

Kampala imejengwa juu ya vilima. Maji yake wakati huo yalitoka chini, katika Ziwa Viktoria, kwenye mitambo ya Gaba, ambayo wa kwanza wake ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Hayapandi yenyewe, husukumwa kwa pampu za umeme, na umeme wa siku zile ulitoka katika bwawa la Owen Falls huko Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954. Kwa hiyo Jinja ilipotwaliwa tarehe 22 Aprili, bwawa likiwa zima, faida yake haikuwa ya kivita peke yake. Kama bwawa lile lingalilipuliwa, mabomba ya Kampala yangalikauka bila hata moja kupigwa risasi.

Wajibu wa kuleta maji ulikuwa wa Shirika la Taifa la Maji na Maji Machafu, ambalo wakati huo lilikuwa na umri wa miaka saba tu. Liliundwa kwa amri ya serikali ya kijeshi mwaka 1972, mwaka uleule ambao Idi Amin aliwafukuza Waasia. Lilikabidhiwa miji mitatu: Kampala, Jinja na Entebbe. Fikra iliyokuwa nyuma yake ilikuwa nzuri, tena ni lazima tuikubali hata kama hatumpendi aliyetia sahihi. Maji yakiwa chini ya idara ya serikali, fedha ya ankara huingia katika hazina kuu, na pampu ikiharibika fundi hungoja bajeti ya mwaka ujao. Chombo chenye bodi yake, hesabu zake na haki ya kutoza bei chaweza kununua pampu kwa fedha ya maji. Tanzania nayo ilifuata njia hiyo mwaka 1981, ilipotunga sheria ya kuunda mamlaka ya maji mijini, NUWA.

Lakini sheria haizibi bomba linalovuja. Uchumi wa Uganda ulianguka, vipuri vikakosekana, na vita vikamaliza kilichobaki. Katika miaka ya 1980 mitambo ilifufuliwa kwa mikopo na misaada, hasa ya Benki ya Dunia. Mwaka 1988 Shirika likaongezewa miji mingine, ikiwamo Masaka, Mbale na Mbarara, na mwaka 1992 mtambo wa pili wa Gaba ukakamilika. Maji yakawa mengi. Fedha haikuonekana.

Ilipofika mwaka 1998 hali ilikuwa ya aibu. Shirika lilikuwa na wateja wapatao 50,000 tu, na kwa kila wateja 1,000 lilikuwa na wafanyakazi 36. Zaidi ya nusu ya maji yaliyosafishwa hayakulipiwa: mengine yalimwagika ardhini, mengine yaliibwa, mengine yalipita katika mita zisizosoma. Aidha, miongoni mwa wadaiwa wakubwa zilikuwamo idara za serikali yenyewe, pamoja na kambi za majeshi, polisi na magereza. Hapa msikilizaji aliyevaa sare hana budi kutega sikio. Mkusanya ankara anayemfungia mjane maji ataifungiaje kambi yenye mlinzi mwenye bunduki langoni? Na asipoifungia, mjane atalipa kwa moyo gani?

Mwaka 1999 uongozi mpya, chini ya Mkurugenzi Mtendaji William Muhairwe, ulianzisha mpango wa siku 100. Waliojiunganishia maji kwa siri walipewa msamaha ili wajiandikishe, na kila mji ukapewa malengo ya kupimwa. Mwaka 2000 serikali na Shirika walitia sahihi mkataba. Shirika liliahidi kazi, nayo serikali ikaahidi kulipia maji inayotumia. Mkataba huo, kwa maoni yetu, ulikuwa na uzito kuliko amri ya mwaka 1972, kwa kuwa ulimfunga pia mwenye nguvu.

Mji wa Kampala wenyewe ulikuwa umekodishwa kwa mameneja wa kigeni, kwanza kampuni ya Kijerumani, kisha, tangu mwaka 2002, ya Kifaransa. Wakati huohuo miji midogo ilikuwa ikiendeshwa na Waganda kwa mikataba ya ndani, na hesabu zake zikawa nzuri. Mkataba wa Wafaransa ulipokwisha mwaka 2004, haukufanywa upya. Mameneja waliofunzwa katika miji ile midogo ndio walioitwa kuja kushika Kampala.